Kugonga mpira wa gofu sawasawa: mazoezi ya mstari, taulo na alama ya wino

Mchezaji anayepiga mipira mia moja huku macho yote yakiwa angani hujifunza kidogo sana. Mpira ukienda kulia anabadilisha mshiko, ukienda kushoto anahamisha miguu, na kikapu kinapokwisha hajui ni lipi lililomsaidia. Kumbe mambo ya kupima ni mawili tu: swingi, yaani mzunguko wa fimbo wakati wa kupiga, inafika chini kabisa mahali gani, na mpira unagusa sehemu gani ya uso wa fimbo. Yote mawili huacha alama. Moja iko ardhini, nyingine iko kwenye chuma. Mazoezi yafuatayo ni ya kusoma alama hizo na kuzisogeza mahali pake.

Maelezo yote ni kwa anayepiga kwa mkono wa kulia; wa kushoto ageuze. Tukisema "mbele ya mpira" tuna maana ya upande wa shabaha, na "nyuma ya mpira" ni upande fimbo inakotokea.

Kitako cha swingi

Mpira hukaa kwenye uso wa fimbo kwa sekunde 0.0005 hivi. Hakuna mkono unaoweza kurekebisha chochote ndani ya muda huo, kwa hiyo ushauri wa "mpe mpira kiganja pale mwisho" uuache upite. Kinachoamua ni umbo la swingi nzima, hasa sehemu yake ya chini kabisa, ambayo hapa tutaiita kitako.

Kwa aironi, yaani fimbo za chuma zenye namba, fimbo inatakiwa iuguse mpira kwanza ikiwa bado inashuka, ndipo ifike kwenye nyasi. Wachezaji wa kulipwa wakipiga aironi namba 7, fimbo hushuka kwa nyuzi 4 hivi, na kitako huangukia sentimita 10 hivi mbele ya mpira. Mchezaji wa kawaida huweka kitako chini ya mpira au nyuma yake, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Kitako kikiwa nyuma, matokeo ni mawili. Ama fimbo inachimba udongo kabla ya kufika kwenye mpira, huko ndiko kulima. Au inakwepa ardhi, inaanza kupanda, na ukingo wake wa chini unagonga tumbo la mpira, huko ni kuparaza. Wengi hudhani haya ni makosa yanayopingana. Leo amelima, anajiinua, akijiinua anaparaza, akiparaza anainama zaidi, analima tena. Ugonjwa ni ule ule, dalili ndizo zinazobadilika. Dawa ya yote mawili ni kusogeza kitako mbele. Kupandisha na kushusha mwili hakusaidii.

Kitako hukaa pale kinapokaa kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni mahali bega la kushoto lilipo. Chukulia mkono wa kushoto na fimbo kama kamba moja inayoning'inia kutoka begani: zinaponyooka pamoja, sehemu ya chini kabisa iko karibu chini ya bega hilo. Kifua kikibaki kulia kwa sentimita 8, kitako nacho kinarudi nyuma kiasi hicho hicho. Ya pili ni vifundo vya mikono. Ukivifungua mapema wakati wa kushuka, kama mtu anayerusha ndoana, fimbo inamaliza kunyooka kabla ya kufika kwenye mpira na kitako kinakuja nyuma hata kama uzito umehama vizuri.

Vitu vya kuandaa

Chukua aironi namba 9, namba 7 na draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Ongeza unga wa chokaa au uzi mrefu, taulo jembamba, kalamu ya ubao mweupe, tii sita (vijiti vya kuwekea mpira), boksi tupu la mipira, kitambaa cha kufutia na daftari dogo. Daftari ndilo watu huliacha nyumbani, na ndilo lenye kazi kubwa kuliko fimbo mpya.

Kusimama

Hapa tusikae sana, lakini ukikosea kusimama, mazoezi yote yatapima kosa la kusimama tu.

Kwa aironi namba 7, upana kati ya visigino ulingane na mabega. Mpira uwe mbele ya katikati ya miguu kwa upana wa mpira mmoja. Kwa namba 9 na weji, fimbo fupi za mipira ya karibu, uwe katikati. Kwa draiva uwe sambamba na ndani ya kisigino cha kushoto. Usikadirie kwa macho ukiwa umesimama, maana ukigeuza vidole vya mguu wa kushoto nje, mpira huonekana uko nyuma kuliko ulivyo. Laza fimbo moja chini kati ya miguu kuelekea kwenye mpira, kisha rudi nyuma uangalie.

Inama kutoka kwenye nyonga na acha mikono ining'inie yenyewe. Kati ya mwisho wa mpini na mapaja iwepo nafasi ya upana wa kiganja chenye vidole vilivyotandazwa kidogo. Uzito uwe katikati ya unyayo, chini ya kamba za viatu. Ukiweza kuinua vidole vya miguu ndani ya viatu bila kuyumba, umesimama sawa. Nguvu ya mshiko iwe 4 kwa kipimo cha 10, na ibaki 4 hadi mwisho. Wengi huanza na 4 na kufika 9 fimbo inapoanza kushuka, na hapo vifundo vinakakamaa.

Hatua ya 1: mstari bila mpira

Chora mstari wa chokaa wenye urefu wa mita 2 kwenye nyasi za mazoezi, ukikata kwa pembe mraba njia ya kuelekea kwenye shabaha. Kama chokaa hairuhusiwi, tandika uzi, kanyaga nyasi zilale kuufuata, kisha utoe. Banka tupu, yaani shimo la mchanga la uwanjani, nayo inafaa sana: chora mstari mchangani kwa ncha ya mpini, na mchanga utaonyesha kila kitu bila huruma.

1. Simama mstari ukipita kati ya miguu, mahali ambapo mpira wa aironi namba 9 ungekaa.
2. Fanya swingi ya nusu: mkono wa kushoto uwe sambamba na ardhi unaporudi nyuma, mkono wa kulia uwe sambamba na ardhi unapomaliza.
3. Usitazame mbele. Tazama fimbo imegusa wapi.
4. Rudi nyuma nusu ya kiatu ukifuata mstari, na urudie. Mita 2 zinatosha swingi 13 hivi.

Unachotaka ni divoti, yaani kipande cha nyasi kinachong'olewa na fimbo, ianze kwenye mstari au mbele yake. Hesabu 8 kati ya 10 kabla hujaweka mpira. Ukipata 4, baki hapo hapo, hata kama ni siku tatu. Zoezi hili linachosha akili kwa sababu halina mpira wa kuruka, na ndiyo maana watu huliruka. Lakini bila mpira mwili hauna cha kuogopa. Mtu anayepata 9 kwenye mstari na 3 mpira ukiwekwa, tatizo lake si swingi. Anajaribu kuunyanyua mpira kwa mikono, kazi ambayo mwinuko wa uso wa fimbo umeshapewa.

Kama divoti zinaanza nyuma ya mstari, jaribu jambo moja baada ya jingine. Usiyachanganye.

Anza na kifua. Kabla ya swingi, sogeza uzito hadi asilimia 60 iwe mguu wa kushoto na uache hapo hapo hadi mwisho, bila kuyumba kwenda kulia. Kitako kikisogea mbele, umejua kwamba ulikuwa unabaki nyuma. Kisigino cha kulia kiwe kimeinuka unapomaliza, na magoti yakaribiane. Uweze kusimama kwa mguu wa kushoto peke yake bila kupepesuka.

Kama hakijasogea, basi ni vifundo. Weka begi la nguo mahali pa mpira, lisukume polepole kwa uso wa fimbo, na usimame hapo. Mikono iwe imetangulia kichwa cha fimbo, mbele ya paja la kushoto. Mgongo wa kiganja cha kushoto uwe bapa, na kifundo cha mkono wa kulia kiwe bado kimekunjwa nyuma. Kaa hivyo kwa pumzi mbili ili mwili uihisi hali hiyo, halafu rudi kwenye mstari. Mara kumi begi, mara tano mstari, ukibadilishana.

Kusoma divoti

Piga magoti uitazame kwa karibu. Divoti nzuri ya aironi namba 9 huanza kwa ukingo mkali, kama imekatwa kwa kisu, kisha inazama taratibu na kuisha kwa kupanda taratibu. Kina chake hakizidi sentimita 1 hivi, na upana wake unakaribia ule wa sehemu ya chini ya fimbo. Divoti inayoanza kwa mchubuko mwepesi wa nyasi, kisha udongo, kisha shimo la ghafla, inasema fimbo iligusa chini mapema na ikaendelea kuburuzika.

Shimo fupi lenye kina kikubwa, hadi fimbo inakwama, linaonyesha fimbo inashuka wima mno. Mara nyingi mabega yamezunguka kabla ya mikono, na divoti inaelekea kushoto kwa shabaha. Ikielekea kulia sana, fimbo inatokea ndani mno, upande wa mwili, na mchezaji wa namna hiyo huwa na kawaida ya kulima pia.

Angalia na upana. Upande wa kisigino cha fimbo, ulio karibu na mpini, ukizama zaidi, mikono ilikuwa chini mno au fimbo ina pembe ya wima kuliko inavyokufaa. Mpira nao hupenda kwenda kushoto. Upande wa ncha ukizama zaidi, mikono iliinuka wakati wa kugonga, au fimbo imelala mno, na mpira huelekea kulia. Kabla ya kulaumu fimbo, piga kumi na uone kama alama ni ile ile kila mara. Fimbo mbovu hukosea kwa namna moja tu. Mchezaji hukosea kwa namna nyingi.

Hatua ya 2: taulo na mpira

Sasa weka mpira, bado ukiwa na aironi namba 9 na swingi ya nusu. Laza taulo nyuma ya mpira kwa umbali wa sentimita 15. Kazi ni kugonga mpira bila kugusa taulo.

Taulo lazima liwe jembamba, limelazwa bapa. Hapa wengi huharibu zoezi: wanalikunja mara nne, linakuwa kama mto, wanaligonga kila mara na kukata tamaa. Hesabu yake ni rahisi. Hata kwa swingi nzuri, kichwa cha aironi kikiwa sentimita 10 nyuma ya mpira kiko chini ya sentimita 1 kutoka ardhini. Taulo nene litaguswa hata na bingwa. Kama huna jembamba, tumia mstari wa chokaa tu.

Piga 10. Ukigusa taulo mara 2 au pungufu, lisogeze hadi sentimita 12, kisha 10. Zaidi ya hapo huna haja ya kulisogeza.

Kuna njia moja ya kudanganya taulo: kuja juu na kuuparaza mpira. Taulo halikuguswa, alama umejipa, lakini hujafanya kitu. Kwa hiyo hesabu mpigo kuwa umefaulu tu kama taulo limebaki salama na kuna divoti au nyasi zilizopanguswa mbele ya mpira. Masharti yote mawili kwa pamoja.

Mipira ya swingi ya nusu isitazamwe kwa umbali. Tazama urefu wake angani: inayogongwa sawasawa huondoka chini kidogo kuliko ulivyozoea na hutua kwa mkupuo mmoja, yote ikifika karibu pamoja. Ukiona mmoja umefika mita 60, unaofuata 35, mwingine 75, usiongeze nguvu.

Hatua ya 3: kuukuta mpira katikati ya uso

Ukishaweza kugusa ardhi mahali pake, tafuta katikati ya fimbo. Paka nukta kubwa ya wino wa kalamu ya ubao mweupe mgongoni mwa mpira, upande utakaogongwa. Piga, kisha tazama uso wa fimbo: kutakuwa na alama ya mviringo. Ifute kwa kitambaa kabla ya mpigo unaofuata, la sivyo baada ya mipigo minne hutajua ipi ni ya nani. Poda ya miguu ya kupuliza nayo inafaa. Ipulize nyepesi kwenye uso, maana ikiwa nene mpira huteleza.

Andika kila alama kwa herufi: K kwa kisigino, N kwa ncha, C kwa katikati, J kwa juu, H kwa chini. Piga 10 bila kurekebisha chochote. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mkono unataka kujibu kila kosa papo hapo, na ukijibu kila kosa hutajua kosa lako la kawaida ni lipi.

Zikijazana upande wa kisigino, hesabu iko hivi: mwisho wa kisigino ni shingo ya fimbo, na mpira ukigusa shingo huruka kulia kwa pembe ya aibu. Huo ndio unaoitwa shanki. Mpira wa kisigino na shanki ni ndugu. Wanatofautiana kwa sentimita moja au mbili. Chanzo cha kawaida ni uzito kuhamia kwenye vidole vya miguu wakati wa kushuka, au nyonga kusogea kuelekea kwenye mpira hadi mikono inakosa njia. Simama na uzito ukiwa nyuma kidogo, weka boksi tupu upande wa pili wa mpira, sentimita 3 kutoka ukingo wake, sambamba na njia ya shabaha. Ncha ya fimbo ina nafasi ya kama sentimita 1 kulikwepa. Ukiligusa, fimbo imetoka nje. Litumie boksi la karatasi. Mpira wa pili au kipande cha mbao kikigongwa kwa nguvu kinaumiza kifundo.

Zikijazana kwenye ncha, mara nyingi mikono inavutwa ndani, viwiko vinakunjika, au mwili unainuka kabla ya kugonga. Angalia kwanza kama umesimama mbali mno na mpira. Kama sivyo, piga mipigo kumi ya nusu huku ukiusikia mgongo wako ukibaki na mwinamo ule ule hadi mpira uondoke. Kiti kikiwekwa nyuma yako, makalio yakikigusa kidogo wakati wa kusimama, yabaki yamekigusa hadi baada ya kugonga.

Alama zikitawanyika huku na huku bila mpangilio, usitafute ufundi. Punguza kasi. Ni mizani tu iliyokosekana.

Baada ya hapo tengeneza lango: chomeka tii moja nje ya ncha na nyingine nje ya kisigino, kila moja ikiacha sentimita 1 kutoka kwenye kichwa cha fimbo. Pitisha fimbo katikati, kwanza bila mpira mara 5, kisha na mpira mara 10. Tii iliyoanguka imeshakuambia. Ukipita mara 8, punguza nafasi hadi nusu sentimita.

Hatua ya 4: kuongeza urefu wa swingi

Kutoka nusu hadi robo tatu, kutoka robo tatu hadi nzima. Kanuni ni moja: 8 kati ya 10 ndipo upande, 5 au pungufu ushuke. Badili fimbo au urefu wa swingi, usibadili vyote kwa pamoja. Namba 9 nusu, namba 9 robo tatu, namba 7 nusu, namba 7 robo tatu, ndipo nzima. Swingi nzima ya mazoezi ifanywe kwa kasi ya asilimia 80. Ukiongeza kitu, ongeza mzunguko wa mabega, siyo nguvu ya mikono.

Kila mpigo umalize na usimame hivyo hadi mpira utue. Si kwa ajili ya picha. Mtu asiyeweza kusimama mwishoni ameyumba katikati, na huko ndiko kitako kilikohama.

Draiva ni habari nyingine

Yote yaliyosemwa juu ya kushuka yageuze. Mpira wa draiva uko juu ya tii, hivyo fimbo inaweza kuugonga ikiwa imeshapita kitako na kuanza kupanda. Chomeka tii hadi nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha fimbo. Bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto, na kifua kiwe nyuma ya mpira.

Laza boksi tupu la mipira sentimita 30 mbele ya mpira, kwenye njia ya fimbo. Ukilipiga, fimbo inashuka. Mchezaji aliyefanya kazi nyingi ya aironi hulipiga mwanzoni karibu kila mara; ni kawaida.

Alama kwenye uso wa draiva zina uzito zaidi kuliko za aironi kwa sababu uso wake umebinuka na kichwa chake ni kikubwa. Mpira uliogongwa upande wa ncha huzungushwa uende kushoto, wa kisigino huzungushwa uende kulia. Wa chini ya uso hupata mzunguko mwingi wa nyuma na kupoteza umbali. Wa juu kidogo ya katikati hupungua mzunguko na kuruka mbali. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha mshiko kwa sababu mpira unapinda kulia, tazama wino. Inawezekana swingi ni nzima na kosa ni sentimita 2 za kisigino.

Mkeka hukuficha ukweli

Kwenye mkeka wa mazoezi fimbo ikigusa sentimita 5 nyuma ya mpira haichimbi. Inadunda na kuteleza hadi kwenye mpira, na mpira unaondoka vizuri tu. Mtu anakwenda uwanjani akiamini yuko sawa, kisha analima kwenye mashimo yote tisa ya kwanza.

Mambo matatu husaidia. Weka taulo lako, maana lenyewe halijali mkeka. Chora mstari wa chokaa na uangalie sehemu ya chini ya fimbo, kama imebeba unga. Na sikiliza: mpigo safi una mlio mmoja, mkavu, uliogusa mkeka kwanza una milio miwili inayofuatana, "dub-tak". Masikio huzoea haraka. Usipige zaidi ya mipira 60 kwa aironi kwenye mkeka mgumu kwa siku moja. Kiwiko na kifundo ndivyo vinavyolipa, na maumivu ya kiwiko hukaa miezi.

Saa moja, mipira 60

Dakika 10 za kwanza ni za kupasha mwili moto: zungusha mabega, nyonga, kisha swingi 10 za polepole ukishika fimbo mbili kwa pamoja. Halafu dakika 10 za mstari bila mpira. Mipira 15 kwa taulo, mipira 15 kwa wino na lango. Kati ya kila mipira mitano, pumzika dakika moja na uandike.

Mipira 20 inayofuata ndiyo inayohamisha ufundi kwenda uwanjani, na ndiyo inayosahaulika. Usipige fimbo moja mara mbili mfululizo. Badili fimbo, badili shabaha, simama upya kila mara kana kwamba una mpira huo mmoja tu. Alama zako zitashuka, pengine kutoka 8 hadi 5. Usirudi kwenye fimbo moja kwa ajili ya kujifariji. Kupiga aironi namba 7 mara ishirini kwa mfululizo hukufanya hodari wa kupiga mpira wa ishirini, na uwanjani mpira wa ishirini haupo.

Mipira 10 ya mwisho ni ya draiva au ya kitu unachokipenda.

Kwa siku usizokwenda uwanjani, dakika 5 kwenye zulia zinatosha. Weka sarafu mahali pa mpira, chukua aironi namba 9, na kwa mwendo wa konokono pitisha fimbo iguse zulia mbele ya sarafu. Mara 20. Angalia dari na taa kwanza.

Mambo yanapoharibika katikati

Ukilima mara tatu mfululizo, simama. Usipige wa nne kwa hasira. Angalia mpira uko wapi kati ya miguu, maana unapochoka huwa unasogea mbele bila wewe kujua. Kama uko sawa, rudi kwenye namba 9, swingi ya nusu, mipira mitano. Kama bado, unganisha miguu, kisigino kwa kisigino, na upige mitano midogo. Ukiyumba utaanguka, hivyo mwili hujipanga wenyewe. Shanki ikija, usijaribu kuikimbia kwa kusimama mbali zaidi, maana utaufuata mpira kwa vidole na itaongezeka. Weka boksi.

Ardhi yenye maji haisamehe: ukigusa nyuma kwa sentimita 2 tu, mpira unafika nusu ya njia. Chukua fimbo inayofuata kwa umbali, kwa mfano namba 7 badala ya namba 8, na upige robo tatu. Kwenye mteremko wa kushuka ardhi ya nyuma ya mpira iko juu kuliko ya mbele, kwa hiyo kitako lazima kisogezwe mbele zaidi: linganisha mabega na mteremko, uzito mguu wa kushoto, mpira ukirudi nyuma kwa upana wa mpira mmoja.

Ukiwa raundini, acha taulo na wino kwenye begi. Kabla ya kila aironi chagua jani moja mbele ya mpira, fanya swingi moja ya majaribio pembeni ukipangusa nyasi mahali sawa na hapo, kisha ingia upige. Ikiwa swingi ya majaribio imegusa nyuma, fanya nyingine moja, siyo tano. Walio nyuma yako wanasubiri.